Rimandi ya Mama Apeduno

Saa sita kasoro robo mchana, jua la Busia limekaa mabegani mwa watu. Katika uwanja wa kuegesha magari ulio hatua chache kutoka mpakani, hewa inatetemeka juu ya mabodi ya magari. Anjeline Apeduno anapita katikati ya safu ya tatu, sarafu ya shilingi ishirini mkononi. Anagonga kioo cha gari jeupe mara tatu, anakinga macho kwa kiganja na kuchungulia kiti cha nyuma.

"Yoga," anaita, salamu ya Kiteso. Kimya. "Mulembe," anaita tena, safari hii kwa Kiluhya. Kimya. "Kuna mtu?"

Anangoja kidogo, anainama na kuchungulia mara ya pili, kisha anasogelea gari linalofuata.

"Mama, leo umeshika nani?" anamchokoza Oduori, mwendesha bodaboda mwenye kituo chake langoni.

"Nitakushika wewe na hiyo helmeti unaikalia badala ya kuivaa."

Vijana wanacheka. Anjeline anatabasamu, lakini tabasamu halikai. Leo ni Alhamisi. Kesho saa tatu asubuhi anatakiwa kituo cha polisi kuandikisha taarifa dhidi ya Vivianne Auma, mama wa miaka ishirini na sita kutoka Nambale, aliyemwacha binti yake wa miaka minne ndani ya gari lililofungwa.

Mtoto yuko hai, na amerudi kula na kucheza. Jambo lililobaki ni la mama yake: apelekwe kortini, au aonywe na kurudi nyumbani. Anjeline ndiye aliyevunja kioo na kumtoa mtoto, na ameambiwa kwamba neno lake litakuwa na uzito kuliko la mtu mwingine yeyote.

"Kila mtu ananiuliza, Mama, utamfunga?" anasema. "Utafikiri funguo za jela ziko kwa mfuko wa aproni yangu."

Ana miaka hamsini na minne, mzaliwa wa Amukura, na mwendo wake ni wa haraka ingawa goti la kushoto linamsumbua wakati wa mvua. Kabla ya kazi hii aliuza chai Malaba, katika foleni ya malori yanayongoja kuvuka. Huko ndiko alikojifunza kugonga kwa sarafu.

"Dereva akilala, huwezi kumwita kwa mdomo. Injini zinanguruma, redio inaimba. Lakini sarafu kwa kioo, hiyo inaingia mpaka kwa ndoto. Anaamka, anakunywa chai, anakulipa huku macho bado yamefungwa."

Miaka tisa iliyopita mzee Omagor, mwenye uwanja huu, alimwajiri kwa shilingi mia tano kwa siku. Siku za soko, wateja wakiwa na roho nzuri, hufika mia nane. Kwa pesa hizo amesomesha wavulana wawili hadi kidato cha nne. Kazi yake ni kufungua lango, kuandika namba za magari na kuwaelekeza madereva wanaorudi nyuma bila kutazama. Kazi ya kutafuta watoto walioachwa ndani ya magari hakupewa na mtu. Alijipa.

Wateja wake hutoka Nambale, Funyula, hata Bungoma. Huacha gari upande wa Kenya, kwa kuwa kulivusha kuna karatasi nyingi, na kwenda kwa miguu ng'ambo, Uganda, kununua sukari, mayai na vitenge kwa bei nafuu. Mtoto naye huleta maswali yake mpakani. Huyu ni wako? Cheti chake cha kuzaliwa kiko wapi? Kwa wengi, cheti kiko nyumbani chini ya godoro.

"Basi mzazi anaamua haraka haraka. Mtoto amelala, nimeacha kioo wazi kidole kimoja, naenda dakika kumi," anasema Anjeline. "Ng'ambo hakuna dakika kumi. Ukifika duka la tatu umesahau hata jina lako."

Mwanzoni alikuwa akiwasihi. Walimwitikia "sawa mama", na wiki iliyofuata wakarudia. Ndipo alipobuni adhabu yake. Akimkuta mtoto peke yake, alimtoa, akamketisha kivulini, akatazama saa. Mzazi akirudi, aliamriwa kuingia ndani ya gari lake mwenyewe, vioo juu, akae dakika zilezile alizokaa mtoto. Anjeline alisimama nje akihesabu. Asiyekubali, hakufunguliwa lango.

Vijana wa bodaboda waliipa jina la mahabusu: rimandi ya Mama Apeduno. Kwa miaka mitatu walipita humo watu kumi na mmoja. Yumo mwalimu mkuu aliyeomba apunguziwe dakika kwa sababu ya presha. Yumo pasta mmoja, suti nzima na tai, aliyetoka ameloa kama aliyebatizwa. Oduori alimrekodi pasta huyo kwa simu, na video ikazunguka kila kijiji chenye mtandao.

"Nilicheka," Anjeline anakiri. "Nikasema, sasa wamesikia. Na kweli, watoto waliisha kwa magari. Nilikuwa nagonga, nagonga, hakuna mtu. Nikajiona mimi ndiye sheria."

Wiki tatu zilizopita, Jumanne, Vivianne aliingia na gari dogo la fedha aliloazima kwa shemeji yake. Langoni Anjeline alimuuliza kama ana mtoto. "Hapana, mama, niko peke yangu." Kiti cha nyuma kilikuwa na magunia matupu na kitenge kilichotandazwa ovyo.

Anjeline aligonga gari hilo saa nne na nusu. Alisalimu kwa lugha zake zote. Kimya. Aligonga tena saa tano kasorobo, akapata kimya kilekile. Mara ya tatu, saa tano kamili, hakugonga. Alikuwa akipita tu kuelekea lango, akaona kitenge kikipanda na kushuka.

Alichukua spana ya magurudumu katika gari la jirani, akavunja kioo kidogo cha pembeni, akaingiza mkono. Mtoto alikuwa amelegea, nywele zimeshikana kwa jasho, midomo mikavu. Anjeline alimlaza kivulini, akamlowesha maji kichwani na kifuani, akamnywesha kwa kifuniko cha chupa, tone kwa tone. Baada ya muda, ambao Oduori anasema ulikuwa dakika tano na Anjeline anasema ulikuwa mwaka mzima, mtoto alifungua macho.

"Nimeshinda?" akauliza.

Hakuna aliyemwelewa. Oduori alimpakia yeye na Anjeline kwenye pikipiki mpaka zahanati, na muuguzi akasema atapona.

Muuguzi alipokuwa bado anamtazama mtoto, Anjeline alirudi uwanjani mbio kumngoja mama. Vivianne alikuja na trei mbili za mayai, akakuta watu wamezunguka gari na kioo kimelala chini. Mayai yalimponyoka. Kelele zikapanda: apigwe, afungwe, avuliwe nguo. Mtu mmoja tayari alikuwa ameokota jiwe.

Anjeline alimvuta hadi ndani ya kibanda chake cha tikiti langoni, akasimama mlangoni.

"Ukirusha hilo jiwe, uanze na mimi," akamwambia mwenye jiwe. "Na gari lako nalijua, namba yake iko kwa kitabu."

Jiwe liliwekwa chini. Ndani ya kibanda, Anjeline alimgeukia mama yule kwa hasira.

"Wewe ni mama wa aina gani? Nilikuuliza hapo langoni!"

"Niliogopa."

"Uliogopa polisi?"

"Polisi gani? Nilikuogopa wewe, mama," Vivianne alilia. "Niliiona ile video ya pasta. Nambale yote ilicheka. Wiki iliyopita nilirudishwa mpakani nikiwa na binti yangu Brendah kwa sababu sina cheti chake, na nyumbani sina wa kumwachia. Nikamwambia tunacheza mchezo wa kujificha. Akisikia mtu anagonga, anyamaze kabisa. Asipoonekana, ameshinda."

Anjeline anasimulia hayo akiwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, sarafu ameiweka gotini.

"Mara mbili niligonga," anasema. "Mtoto alikuwa macho. Alinisikia. Akanyamaza kwa sababu ni mtoto mzuri, anasikia mama yake."

Tangu siku hiyo amegombana na karibu kila mtu, akiwemo yeye mwenyewe. Oduori anashikilia kwamba Vivianne afungwe. "Mama, kosa ni kosa. Ukimwachilia huyu, kesho tutakuta kumi." Mzee Omagor anakubaliana naye. Anjeline mwenyewe hatetei kila mzazi. Alishamkuta mwanamume aliyefungia watoto wawili ndani ya gari akaenda kunywa pombe hadi saa tisa.

"Huyo, kama ningekuwa hakimu, angekuwa ndani mpaka leo," anasema. "Lakini huyu msichana? Ukimfunga, Brendah analala wapi?"

Ijumaa anafika kituoni nusu saa kabla ya wakati, amevaa gauni la kanisani. Vivianne yuko kwenye benchi la nje, Brendah amelala mapajani mwake. Wanawake hao wawili wanasalimiana kwa kichwa tu.

Ndani, mbele ya polisi na afisa wa watoto, Anjeline anaeleza kwa karibu saa nzima. Anasema mama alidanganya langoni. Anasema mtoto alifichwa. Hapunguzi neno. Kisha, bila kuulizwa, anaeleza habari za rimandi, watu kumi na mmoja, video na kicheko chake.

"Haya ya video yanahusiana vipi na kesi?" polisi anamuuliza.

"Yanahusiana sana, afande. Kabla ya mimi kuwaaibisha watu, watoto walikuwa wanaonekana. Nilipoanza, wakafichwa."

"Kwa hivyo unataka aadhibiwe au hutaki?"

"Nataka akaripoti kwenu kila mwezi. Nataka huyu dada afisa wa watoto aende kwake aone mtoto anakula nini, anaachiwa nani. Mumsaidie apate nakala ya cheti aiweke kwa mkoba. Hiyo ni adhabu ya kutosha. Ya jela mtamwachia yule mlevi."

Afisa wa watoto anaandika muda mrefu. Inapofika saa sita, Vivianne anatia sahihi onyo: atatembelewa nyumbani kwa miezi sita, na akirudia, atashtakiwa. Anatoka na mtoto mgongoni. Anataka kumpigia Anjeline magoti, naye anamshika kiwiko.

"Simama, mtoto ataanguka. Na umpeleke akapate soda, amekaa hapa tangu asubuhi."

Sasa Anjeline ana mpango. Amempimia mzee Omagor kwa miguu pembe moja ya uwanja, nyuma ya tangi la maji, penye nafasi ya magari mawili. Anataka turubai juu, mikeka chini, pipa la maji safi na mwanamke mmoja wa kukaa na watoto kwa ada ndogo hadi wazazi warudi na mizigo yao. Ameanza kuulizia vibali vinavyohitajika.

"Anjeline, unataka kunigeuzia paking iwe nasari?" mzee alimuuliza.

"Magari hayakui, mzee. Watoto wanakua, kesho wanakuja kuegesha hapa."

Omagor alicheka, akampa mpaka mwisho wa Aprili kuthibitisha kwamba watu watakuja.

Rimandi imefungwa. Vijana wa bodaboda wanalalamika kwamba wamekosa burudani. Anjeline anasema yuko tayari kuonekana amelainika, mradi mzazi asimame langoni na kumwambia mwenyewe kwamba amekuja na mtoto.

"Aniambie tu, nitampokea vizuri. Sitampigia kelele," anasema, kisha anafikiri kidogo. "Akichelewa kurudi, hapo nitaongea. Kuongea bado sijaacha."