Kamba ya Saa Kumi

Katika miaka ya tisini, kijijini kwetu Roret mbwa alikuwa wa kulala nje na kula kilichobaki. Hakuna aliyempapasa kichwa wala kumtafutia daktari. Nasema hivi ili ieleweke jinsi nilivyoshtuka asubuhi ile mdogo wangu aliposimama mlangoni pangu akiwa amebeba mbwa jike ndani ya gunia la majani chai. Walikuwa wanatetemeka wote wawili.

Mdogo wangu alikuwa amekunywa pombe miaka saba. Kazi yake kwenye mashamba makubwa upande wa Kapsoit ilikuwa imekwisha, na mke wake alikuwa amechukua watoto wao wawili akarudi kwa wazazi wake Bomet. Mbwa naye alikuwa wa mama pima, yule mama aliyepika busaa, pombe yetu ya kienyeji, na kuiuza kule chini karibu na mto. Kwake mbwa alilishwa machicha, masalio yanayobaki busaa ikishakamuliwa. Machicha yana kileo. Mbwa akila alipepesuka, wanywaji wakacheka na kumwongeza. Siku moja mmoja wao alimmwagia maji moto ubavuni. Akakimbia hadi nguvu zikamwishia kwenye mtaro wa kando ya chai, na mtaroni humo mdogo wangu alikuwa amelala.

"Mzee," akaniambia, "nimeamka nikamkuta amenilalia miguu. Nataka kuacha pombe. Lakini yeye akifukuzwa, na mimi naenda."

"Hapa si kwa mama pima."

"Ndiyo maana tumekuja hapa."

Mke wangu ndiye aliyewafungulia stoo ya mahindi. Mimi, mzee wa kanisa, nilikuwa bado natafuta moyoni aya ya Biblia ya kukatalia.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu. Mdogo wangu alitoa jasho hadi blanketi likawa la kukamuliwa. Mbwa alikataa chakula. Nilipopita mlangoni nilimsikia akimbembeleza, "Lamba kidogo tu, na mimi nitakunywa kidogo." Alichovya kidole kwenye uji, mbwa akalamba, kisha yeye akainua kikombe chake. Hivyo ndivyo walivyorudi kula. Mke wangu alipaka samli kwenye lile jeraha la ubavuni, na nywele zikaanza kuota.

Mdogo wangu alipopata nguvu akaanza kuchuma chai yangu. Mwanzoni mikono ilimcheza, akavunja vijiti na majani magumu, karani wa kituo cha kupokelea majani akamrudishia nusu ya kikapu mbele ya watu. Kesho yake akarudi shambani. Mwezi wa tatu majani yake yalikuwa safi kuliko yangu.

Simu za mkononi hazikuwepo, kwa hiyo mke wake alituma ujumbe kupitia mtu. Alisema atarudi siku ambayo wazee wa kanisa watamrudisha mumewe kwenye meza ya Bwana, na si kabla ya hapo. Ahadi za mumewe alikuwa amezisikia nyingi. Sasa alitaka neno letu. Sisi wazee tukampa mdogo wangu miezi sita ya kuangaliwa. Kila kitu alichokitaka duniani, mke na watoto, kikawa kinangoja Jumapili moja.

Saa mbaya ilikuwa saa kumi alasiri. Huo ndio wakati busaa ilipokamuliwa kule mtoni, na upepo ukapandisha harufu hadi kwenye chai yetu. Mbwa aliinua pua, akaanza kulia kwa sauti nyembamba na kuvuta kuelekea bondeni. Mdogo wangu alimfunga kamba ya katani shingoni, na ncha ya pili akajifunga yeye mwenyewe kiunoni. Walichuma hivyo hadi jua lilipoinama.

Nilimuuliza kwa nini asimfunge kwenye mti.

"Mti hausikii hiyo harufu, mzee. Mbwa atajiona yuko peke yake."

Watu waliopita barabarani walipaza sauti: "Haya, ni nani amemfunga mwenzake leo?"

"Tunapokezana!" aliwajibu.

Ilipobaki siku tatu kufika ile Jumapili, kamba ilikatika. Ilikuwa imelika pale ilipopita kiunoni. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimepeleka majani kituoni. Nikirudi na kikapu kitupu, nikipita njia ya juu ya mto, nilimwona mdogo wangu akiinama kutoka kwenye mlango wa mama pima. Shati lake lilikuwa limelowa kifuani, na upepo uliniletea harufu. Mbwa alikuwa kwapani mwake.

Sikumwita. Hapa ndipo kosa langu lilipo, nami nataka kulieleza bila kujitetea. Katika kanisa letu mtu akionekana anatoka nyumba ya pombe, hahojiwi. Mzee akisema "nimeona kwa macho yangu," habari imekwisha. Tulidhani huo ni ulinzi wa kundi. Siku iliyofuata nilisimama mbele ya wazee wenzangu nikasema nimeona kwa macho yangu, na jina lake likafutwa kwenye orodha ya wanaorudishwa.

Jumapili alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi. Mke wake alikuwa amefika kutoka Bomet, amekaa upande wa akina mama na watoto magotini. Majina ya wanaorudishwa yakasomwa. Lake halikuwemo. Mke alingoja kidogo, kama mtu anayedhani msomaji amegeuza kurasa mbili pamoja, kisha akawashika watoto mikono akatoka. Mdogo wangu alikaa hadi baraka ya mwisho. Hakuja kuniuliza. Nilimwona nje akimfungua mbwa aliyemngoja kibarazani, wakashika njia ya nyumbani.

Jumatatu asubuhi mama pima alisimama kwenye lango langu. Hakuwahi kukanyaga kwa watu wa kanisa, na hata siku hiyo hakuingia.

"Mzee, nasikia ulimwona akitoka kwangu. Ulimwona akiingia?"

"Sikumwona."

"Basi mimi nilimwona. Mbwa alikuja mbio, akaenda moja kwa moja kwenye machicha. Mdogo wako akaja nyuma, akasimama, akasema, 'Mama, nipe mbwa wangu niende.' Wateja wangu wakaanza: 'Ameletwa na bibi yake wa miguu minne!' 'Mpe moja, hata mbwa anakunywa!' Mmoja akammwagia kibuyu kizima cha busaa, kichwani. Ikateremka usoni mpaka hapa." Akajigusa kifua. "Mzee, nimeuza busaa nikasomesha watoto wanne. Mtu akimwagiwa hivyo, lazima ulimi utoke ulambe. Yeye alifunga mdomo, akajipangusa kwa mkono, akainua mbwa. Mimi sina cha kupata kwa kukuambia."

Nilimshukuru. Nilitaka kumkaribisha chai, lakini alikuwa amekwisha geuka.

Niliogopa sana siku hiyo. Nilijua mtu aliyeadhibiwa kwa kosa ambalo hakulifanya hujiambia basi na alifanye. Ilipofika saa kumi nilishuka kwenye chai nikitazama bondeni kwanza. Alikuwepo. Kamba ilikuwa mpya, mbwa analia, naye anachuma.

Kwetu mtu akija kuomba amani hung'oa nyasi akaishika mkononi, na mkubwa hatarajiwi kumletea mdogo. Nikang'oa, nikamwendea.

"Nimekukosea," nikasema. "Niliona kwa macho yangu, na macho yangu hayakutosha. Nitasema hivyo kanisani."

Alipokea nyasi. Akaichomeka mfukoni, mikono ikaendelea na kazi.

"Kanisani sawa," akasema mwishowe. "Na Bomet?"

Nilimwandikia baba mkwe wake barua, nikaeleza kosa langu lote, wazee wenzangu wakatia sahihi, tukaigonga muhuri wa kanisa. Nikamwambia aipeleke mwenyewe kesho yake. Akakataa.

"Nikienda nitalala huko. Saa kumi huyu atafungwa pamoja na nani?"

Nilitazama mbwa, mbwa akanitazama.

"Nitafungwa mimi," nikasema.

Hivyo kesho yake mimi, mzee wa kanisa mwenye mvi, nilichuma chai nikiwa nimefungwa kiunoni pamoja na mbwa wa mama pima. Waimbaji wawili wa kwaya walipita barabarani. "Mzee, hata wewe umeanza?" Nikawaambia ndiyo, leo.

Kisha harufu ikaja. Sikuwahi kujua inavyovuta. Mbwa alijitupa kuelekea mtoni kwa nguvu ambayo sikuidhania katika mwili mdogo kama ule, nikaanguka kwa magoti kati ya mistari ya chai, majani yakamwagika. Alikuwa akitetemeka mwili mzima. Nilimkumbatia, kitu ambacho sikuwahi kumfanyia mbwa, na tukabaki hapo chini. Niliomba nikiwa nimemshika. Nilifikiria miezi sita, kila siku saa kumi, na mdogo wangu hakuwahi kuniambia kwamba inavuta hivi, nami sikuwahi kumuuliza.

Kesho yake saa kumi ikikaribia, nikiwa nimejifunga tena na mbwa, walikuja wote wanne, mdogo wangu, mke wake na watoto, kwa miguu kutoka stendi, mtoto mdogo akiwa mabegani mwa baba yake. Mbwa aliwasikia kabla yangu. Mdogo wangu aliangalia suruali yangu yenye udongo magotini.

"Alivuta?"

"Alivuta."

Akainama, akafungua fundo kiunoni mwangu, akajifunga yeye.