Lengalenga Chini ya Turubai

Harufu inayonirudisha kambi ya wakimbizi ya Kakuma ni ya udongo mkavu ulionyweshwa maji ya kuoshea vyombo: vumbi, majivu, sabuni kidogo, kisha ubaridi mwembamba unaopanda puani na kutoweka kabla hujauvuta mara ya pili. Mwaka 2013 nilikuwa darasa la sita. Tulikuwa tumetoka Kongo mwaka uliotangulia, tukapita Lodwar juu ya lori, na njia nzima nilitafuta kwa macho mahali ambapo kijani kingeanza tena. Hakikuanza. Palikuwa na mchanga, milima ya mbali iliyoonekana kuelea, na mwanga mwingi kiasi kwamba hata nikifumba macho niliuona, mwekundu, ukipenya kope.

Mama alikuwa mjamzito. Nesi wa zahanati ya kambini alimwambia kwamba damu yake ilikuwa kidogo, na ikibaki hivyo siku ya kujifungua ingekuwa ya hatari. Alimpa vidonge, akamsihi ale mboga za majani. Lakini mboga zilikuja kwa lori kutoka Kitale, zikifika zimenyauka, na ziliisha kabla sisi wa mtaa wa mwisho hatujafika sokoni. Basi Papa, baba yangu, fundi cherehani ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika jembe, kwani kwetu shamba lilikuwa la Mama, alijaza udongo kwenye magunia nyuma ya nyumba na kupanda lengalenga, ule mchicha tuliokua nao. Miche ya kwanza iliungua kwa jua ikawa kama karatasi iliyochomwa. Papa alipanda tena, na safari hii alitandaza turubai zito juu ya nguzo za miti, akalishusha mpaka chini pande zote. Mama, aliyekuwa akilala ndani kutwa, alipouliza habari za mboga, Papa alimwambia zinaendelea vizuri. Na kweli zilikuwa zikirefuka haraka. Ila zilikuwa nyembamba kama uzi, za rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, na kila asubuhi tulizikuta zimejilaza. Papa aliongeza maji. Hakujua la kufanya zaidi.

Wiki hiyohiyo Mwalimu Deng, kijana mrefu kutoka Sudan Kusini aliyetufundisha sayansi, alileta darasani mche wa kunde uliopandwa kwenye kopo. Siku kadhaa nyuma alikuwa amefunika sehemu ya jani lake kwa kipande cha karatasi nyeusi. Alilichuma, akaondoa karatasi, akalichemsha, kisha akalitia kwenye spiriti ya moto mpaka kijani chote kikatoka na jani likabaki jeupe. Darasa lilijaa harufu kali ya zahanati. Akalidondoshea ayodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda. Jani likageuka polepole, likawa jeusi lenye ubuluu kama anga kabla ya mvua, isipokuwa pale palipofunikwa. Pale palibaki kahawia tupu.

"Penye nyeusi pana chakula," alisema kwa Kiswahili chake cha Juba. "Hapa karatasi ilifunika, chakula hakuna. Majani inapika na mwanga. Mwanga ikikosa, inalala njaa."

Alitueleza kwamba mizizi huleta maji, jani huvuta hewa kwa vitundu visivyoonekana, na kile kijani hukamata nguvu ya jua na kuviunganisha viwili hivyo kuwa sukari. Nguvu ya jua hubaki humo, imetulia, ikingoja atakayekula. Hata moto wa kuni, alisema, ni jua lililowahi kulala ndani ya mti. Nilitoka shuleni nikitembea kama niliye ndotoni. Mbuzi waliosimama kwa miguu ya nyuma wakivuta matawi ya migunga niliwaona wanakunywa mwanga.

Nilimkuta Papa nyuma ya nyumba, nikamwambia tuondoe turubai. Alikataa kwa upole. Alisema jua la hapa si la kwetu, na nimeona mwenyewe lilivyoziua zile za kwanza. Nilimsimulia habari ya jani, sauti ikipanda, mpaka Mama akasikia kule ndani. Alitoka akishika ukuta, akazunguka nyumba, akainua pindo la turubai. Alizitazama mboga zilizojilaza.

"Umezilaza njaa, Papa Neema," alisema, akimwita kwa jina langu kama kawaida yake.

"Niliogopa," Papa akajibu. "Niliogopa zikifa, na wewe..."

Mama alimshika mkono, akaketi palepale mchangani na kuanza kuelekeza. Tupande upya. Asubuhi ziachwe wazi. Jua likikaribia utosini zifunikwe kwa mkeka wa majani ya mkoma ulioachwa mianya, kama ile waliyosuka wanawake wa Kiturkana, ili mwanga upite vipande vipande. Tangu hapo Mama alikaa nje kila asubuhi kando ya magunia, nami nikakaa naye kabla ya shule. Kijani kilirudi kimyakimya. Vivuli vya mkeka vilicheza juu ya tumbo lake, na niliamini kwamba nikinyamaza vya kutosha ningeyasikia majani yakipika.

Tulikula lengalenga hadi Mama alipomzaa mdogo wangu. Alipoteza damu nyingi, na Papa alikaa nje ya wodi ameinamisha kichwa mpaka mkunga alipotoka kumwambia wote wawili wako salama. Sidai kwamba mboga ndizo zilizomwokoa Mama. Vidonge vilikuwepo, na mikono ya wakunga pia. Lakini nilimwona akirudiwa na rangi ya uso, tonge baada ya tonge.

Leo nafanya kazi Lodwar, na mchana nakula hotelini chini ya feni, jicho kwenye simu. Mboga huletwa zimekwisha kukatwakatwa, nyingi, za kila siku. Nazimaliza haraka, narudi ofisini, na sijui zilipata jua lake kwenye kilima gani. Wakati ule nililijua kila jani tulilokula, mahali lilipokuwa na jinsi lilivyoshinda siku yake.