Nilihama klabu ya jiu-jitsu hapa Kolwezi kwa sababu ya wivu juu ya mdogo wangu

Wakuu, salama humu ndani?

Mimi ni mwanamke wa Kolwezi, Lualaba, huku Kongo. Huwa nasoma tu na kupita. Ila nimeona mtu anauliza achague vipi klabu ya mazoezi akiwa mjini, nikasema ngoja nami nimwage langu. Ni la kweli, na halinipambi hata kidogo.

Kiswahili chetu cha Katanga kitanitoka hapa na pale, mnivumilie.

Kazi yangu ni kupanga safari za malori ya shaba, yale yanayoteremka Fungurume na Likasi kuelekea mpaka. Ni kazi ya kukaa, simu sikioni, kugombana na madereva. Mwili ukaanza kuwa mzito, roho nayo ikachoka.

Ndipo nikaanza kuangalia video za jiu-jitsu ya Kibrazili. Kwa wasioijua: hakuna ngumi wala teke. Unamshika mtu, unamlaza chini, unamkaba shingo au unamkunja mkono mpaka agonge kwa kiganja, maana yake nimekubali, niachie. Niliona mwanamke mfupi kama mimi anamgongesha dume zima. Nikasema hii ni yangu.

Kutafuta klabu Kolwezi si mchezo, wakuu. Ukiuliza unaambiwa karate iko, judo iko. Nilisaka hadi nikapata mbili.

Ya kwanza ilikuwa kwenye salle ya parokia, ukumbi wao wa mikutano, upande wa Mutoshi. Chini wametandaza mipira mizee ya mikanda ya kubebea mawe mgodini, juu yake bâche, turubai la lori, imevutwa ikakaza. Coach Ilunga ni mwalimu wa michezo shuleni, maneno yake ya kuhesabika.

Ya pili iko centre-ville, katikati ya mji, ndani ya gym. Tatami halisi, ile mikeka laini ya kuangukia, vioo ukuta mzima, muziki. Coach Serge ananukia vizuri hata akitoka jasho.

Nikachagua parokia, kwa sababu siku niliyoenda kuangalia, walinikaribisha nijaribu na wakanibana kisawasawa. Nilitoka na shingo imekakamaa, nikacheka njia nzima.

Mama ndiye aliyeleta shida. "Weye peke yako katikati ya ba wanaume? Hapana. Enda na mudogo yako."

Mdogo wangu anaitwa Divine. Ni msusi wa nywele. Hakuitaka hiyo jiu-jitsu, alikuja kunisindikiza tu. Siku ya kwanza alikaa kwenye benchi na simu yake. Watu wakawa hawatimii wawili wawili, coach akamwita aje kujaza nafasi.

Wakuu, msicheze na vidole vya msusi. Akishika mkono wa kimono yako, lile koti la mazoezi, huchomoki.

Mimi nilikuwa najua majina ya mitego yote. Yeye alikuwa anasema "ile ya kuvunja mukono" na "ile ya kulala juu ya mutu". Lakini muda si mrefu alikuwa anawalaza vijana wanaochimba kwenye mgodi wa Mashamba, watu wenye migongo kama milango. Wanainuka wanacheka, wanamwomba awaoneshe tena.

Halafu coach akawa na neno lake moja. "Muangalie Divine."

Nikikosea, muangalie Divine. Nikipatia, anaitikia kwa kichwa, halafu muangalie Divine.

Nyumbani ikawa hivyo hivyo. Mama anawahadithia majirani habari za mtoto wake mpiganaji. Mtoto huyo si mimi. Nani alitafuta klabu? Nani alimnunulia kimono? Hakuna aliyekumbuka, hata Divine mwenyewe nadhani alisahau.

Coach alipotangaza kwamba atapeleka mtu mmoja Lubumbashi kujifunza na klabu za kule, mlishajua alimtaja nani. Nilipiga makofi kuliko wote. Kisha nikaenda chooni nikasimama tu, nimeshika ndoo.

Nitawaambia na hili: usiku ule nilimwomba Mungu Divine ateguke mguu. Kadogo tu, asiumie sana. Nikamalizia na amina.

Nikahama.

Nilimdanganya kwamba parokia ni mbali na kazini. Nikaenda kwa Coach Serge na vioo vyake. Wiki ileile akaniambia, "Mama, uko na talent ya kuzaliwa nayo." Jamani! Nani aliwahi kuniambia hivyo?

Watu wa pale ni wa maofisini, wapole. Nikiwagusa wanaanguka kama ukuta wa udongo umenyeshewa. Ndani yangu kitu kilikuwa kinaninong'oneza kwamba mtu mzima haanguki hivyo. Nikakifunga mdomo.

Haukupita muda Coach Serge akanifunga mkanda wa bluu, ule unaofuata baada ya mweupe wa wanaoanza, picha zikapigwa. Nikaziweka kila mahali nikijua Divine bado ana mweupe. Nilitaka aone, aumie kidogo.

Akaniandikia: "Félicitations yaya yangu!!", yaani hongera dada yangu mkubwa, na mioyo mingi.

Ile mioyo ilinichoma kuliko tusi.

Sasa wale makocha wawili wakaandaa siku ya kirafiki kati ya klabu zao, kwenye salle ya parokia. Wanawake tulikuwa wachache. Nadhani mnaona kinachokuja.

Mama alikuja na pagne yake, kitenge cha misa, akaketi mbele kabisa. Coach Serge alinipigapiga bega, "Onyesha bale batu."

Tulisalimiana kwa mikono. Divine alitabasamu. Mimi sikutabasamu.

Nilimvamia. Nilichokumbuka baadaye ni kwamba mkono wangu ulishikwa, halafu nikawa naangalia mabati. Nikajigeuza, kosa. Akanipanda mgongoni, mkono wake ukapita chini ya kidevu changu, taratibu, kama anatafuta njia ya kitana kwenye nywele. Masikio yakaanza kuvuma.

Halafu mkono ukalegea.

Nikasikia sauti yake sikioni, ndogo sana. "Toka, yaya. Toka."

Nafasi ilikuwepo. Ningeingiza vidole, ningegeuka, ningekaa juu yake mbele ya mama, mbele ya Ilunga, mbele ya wote walioniangalisha Divine. Hakuna ambaye angejua.

Nilikuwa nimemwombea ateguke mguu, na yeye ananipa ushindi.

Nikagonga. Mara mbili, kwa nguvu, ili kila mtu asikie.

Coach Serge alishika kichwa, anauliza kwa nini. "Juu ya nini? Ulikuwa unatoka!"

Nje kwenye bomba la maji Divine alinifuata, macho mekundu. "Yaya, juu ya nini uligonga? Mi nilikuachilia."

"Njo maana niligonga."

"Sikutaka mama akuone unakabwa."

"Na mukanda yangu? Ulijua haiko ya kweli?"

Akakamua mkono wa kimono yake ambao haukuwa na maji. Kisha akasema, "Batu bote balijua, yaya. Mi nilibakataza kucheka."

Niliufungua mkanda palepale. Wiki iliyofuata nilirudi parokia na mweupe. Coach Ilunga alisema tu nije mapema nisaidie kukaza bâche.

Mnataka niseme wivu umeisha? Haujaisha. Alipokuwa Lubumbashi alituma picha akiwa anamlaza mtu, nikaiangalia nimeuma meno. Tofauti ni kwamba siku hizi naikuza picha nione mguu wake ameuweka wapi.

Kwa yule aliyeuliza: usichague klabu kwa vioo wala kwa kocha anayekusifu siku ya kwanza. Omba ujaribu. Kama kila mtu anakuangukia, ondoka. Na kama unahama, jiulize unakimbia klabu au unamkimbia mtu, maana mtu utamkuta nyumbani anakula ugali.

Mlio na wadogo zenu waliowapita kwenye jambo lenu wenyewe, mnaishije nao? Nipeni mbinu, hata matusi nitapokea.

Jumamosi Divine alinikaba tena. Nilisubiri kidogo nione kama atalegeza.

Hakulegeza.