Nilivyojibebea Vitu Vyangu Mwenyewe

Nakumbuka siku moja nilikaa juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa, katikati ya nyumba yangu, hakuna kochi, hakuna meza, hata pazia sina, na nikajiona mjanja kuliko wanawake wote wa Mwatate. Mwanangu, cheka tu. Hata mimi siku hizi nacheka. Lakini nisikilize, maana jana nilikuona umeshika simu, unasoma ule ujumbe kwamba wenye deni watakuja mpaka nyumbani.

Nilikuwa na miaka miwili tu kwenye ndoa. Mume wangu, Baba Mwakio, alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, anarudi mwisho wa wiki. Mimi nilikuwa fundi wa nguo, nashona yunifomu za shule kwa cherehani niliyoinunua na pesa za mkopeshaji mmoja wa Voi. Mume sikumwambia. Nilimwambia shangazi yangu amenizawadia. Eh, usinitazame hivyo, nilikuwa mtoto. Mwanzo nililipa vizuri. Kisha mtoto akaugua, nikakosa mwezi mmoja, nikaona haya kwenda kujieleza, nikakosa na wa pili. Ndipo kondakta wa gari la Voi akaniletea barua: Ijumaa tunakuja kubeba vitu.

Wee! Ile cherehani ndiyo iliyotulisha. Na zaidi ya hiyo, niliogopa mume wangu asikie kwa watu wa nje kwamba mkewe ni mwongo.

Basi Jumatatu nikaanza kuhamisha. Kochi nikalipeleka kwa jirani yangu Mama Wakesho, meza kwa fundi baiskeli, na cherehani nikaipakia gari hadi Mbololo kwa binamu yangu, tukaifunika magunia ndani ya ghala la mahindi. Wateja wakaja kuulizia yunifomu, shule zinafunguliwa wiki inayofuata, nikawaambia cherehani imeharibika. Wakachukua vitambaa vyao wakaenda kwa fundi mwingine. Mimi huyo, natabasamu, najiambia nimewaweza.

Jumatano mama mkwe akashuka kutoka mlimani na kikapu cha ndizi. Akasimama mlangoni, akatazama kuta zote nne.

"Mama Mwakio, mmeibiwa?"

Nikalia, nikamweleza yote. Nilingoja matusi. Yule mama alicheka mpaka akashika ukuta! Alipomaliza akajifuta macho, akaniambia, "Sasa hao wa Ijumaa watafanya nini? Kazi umewamalizia. Cherehani imekwenda, wateja wamekwenda. Wamekuandikia karatasi moja tu, ukajibebea vitu mwenyewe."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli.

Akaniagiza nirudishe kila kitu, siku hiyo hiyo. Nikaenda kwa Mama Wakesho. Lo! Nikakuta wazee watatu wamekuja kumposa binti yake, wamekaa juu ya kochi langu wanakunywa chai. "Kochi zuri hili," mmoja anasema, "mnajiweza." Mama Wakesho ananiangalia kwa macho ya kuniomba. Ningefanya nini, jamani? Nilivuta kigoda, nikapewa chai, nikalisifu kochi langu mwenyewe kama mgeni. Walipoondoka tukalibeba pamoja, likiwa na doa la chai ambalo sijalitoa hadi leo.

Alhamisi binamu yangu akaileta cherehani, na mume wangu akaitwa nyumbani. Mama mkwe alikataa kabisa kunisemea. "Mdomo uliodanganya ni wako," akasema. Nikamwambia Baba Mwakio mwenyewe, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Na mimi nilikwenda hadi kwa shangazi yako kumshukuru," akasema.

"Akakujibu nini?"

"Akasema karibu."

Tukaangaliana, tukaangua kicheko. Alinikasirikia baadaye, na alikuwa na haki, lakini usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa wiki nzima.

Ijumaa wakaja wanaume wawili na pikapu, mmoja mnene, mwenzake na faili. Wakakuta tumeketi: mimi, mume wangu, mama mkwe, na mzee wa mtaa tuliyemwita awe shahidi. Wakakaribishwa vizuri. Mzee wa mtaa akauliza, taratibu kabisa, "Karatasi ya korti ya kubeba vitu mnayo?" Yule wa faili akakohoa. Hawakuwa nayo. "Basi leo hakitoki kitu hapa," mzee akasema. "Kunyweni chai tuongee." Nikatoa risiti zangu, tukalinganisha na faili, tukakuta malipo yangu mawili hayakuandikwa. Wakayaandika. Tukakubaliana nilipe kidogo kidogo kila siku ya soko, kwa risiti, tukatia sahihi wote. Wakaondoka na ndizi za mama mkwe tu. Nililipa miezi minane, nikamaliza.

Sasa mwanangu, weka hiyo simu chini. Deni ni lako, utalilipa, hilo sikufichi. Lakini usikimbie nyumba yako, wala usikope kwingine kuziba hapa. Mwambie mkeo leo, kabla mgeni hajamwambia. Wakija, wakaribishe mchana mbele ya mashahidi, uulize karatasi, uhesabu nao, na usitie sahihi kitu hujakisoma. Chombo unachofanyia kazi usikiondoe mikononi mwako kwa hofu, maana ndicho kitakachokulipia. Na ukishindwa kuongea, niite, nije nikae kando yako. Bado najua kuketi.

Mungu aibariki mikono yako isikose kazi, amjalie mkeo acheke nawe hata siku ya aibu, na kila atakayebisha hodi kwako akukute ndani.