Uso wa Papa Clément Juani

Saa tano asubuhi, Michée Chisanga anatoka dukani na karatasi mbili zenye wino mbichi, anasimama kando ya barabara na kuzielekeza juani.

"Papa Michée, unapima picha ao unakausha samaki?" anamtania Précieux, muuza printa, kutoka mlangoni.

Michée hacheki. Karatasi zote mbili zina uso uleule: marehemu Papa Clément, mstaafu wa reli, ndani ya koti lake la misa. Dukani, chini ya taa, zilifanana. Hapa nje, moja ni ya kijivu safi. Nyingine ina ukijani, kuanzia mashavuni hadi shingoni.

Hiyo ya pili imetoka kwenye printa ya aina aliyo nayo katika studio yake ndogo ya picha, kwenye komini, yaani mtaa wa mji, iitwayo Kenya. Ina wino mweusi mmoja tu; kijivu inakipata kwa kuchanganya rangi. Kwa picha za ubatizo na pasipoti haijawahi kumwangusha.

Lakini familia ya Papa Clément ilitaka picha nyeusi na nyeupe ya kuweka juu ya jeneza, kama walivyowekewa wazee wao. Michée, mwenye umri wa miaka 43, aliichapa, akaitazama chini ya taa, akaridhika.

Kwenye kilio, uani, jua likaupiga ule uso. Wanawake waliokuwa wakiimba wakapunguza sauti.

"Huyu njo nani?" shemeji mmoja akauliza. "Clément hakukuwaka hivi."

Mjane, Mama Ngalula, akamgeukia mpiga picha.

"Ni jua, Mama," Michée akajibu. "Jua inaharibu wino."

Mama Ngalula alimwamini. Njia nzima hadi makaburini aliifunika picha ile kwa mwavuli wake, mwenyewe akitembea bila kivuli.

"Nilikuwa nyuma yake," anasema Michée, macho yakiwa kwenye viatu vyake. "Nilishindwa hata kumuambia anipe ile parapluie nimushikilie. Tangu ile siku, kama namuona ku soko, napita njia ingine."

Printa iliyotoa kijivu safi ina wino mweusi na wino wa kijivu wa aina mbili. Bei yake ni mara tatu ya mwenzake, na wino wake utakula sehemu kubwa ya mapato ya pasipoti.

"Kamata ile ya bei ya chini," Précieux anamshauri kwa upole. "Bantu banaangaliaka picha mu nyumba."

"Kilio inafanyikaka inje," Michée anajibu, na kuchagua ile ya ghali.

Kabla ya kuibeba anampigia simu Mama Ngalula, mara ya kwanza tangu mazishi. Jumamosi hii familia inamaliza kilio kwa misa, naye anataka kuwapelekea picha nyingine.

"Mama, haikukuwa jua. Ilikuwa mashini yangu. Nilikudanganya."

Michée anafuta shingo kwa kiganja.

"Leta picha mbele ya misa," Mama Ngalula anasema. "Na ile maneno, utairudilia mbele ya batoto. Bo banasemaka ni miye nilichagua picha mubaya ya baba yao."

Michée hakulijua hilo. Anakaa kwenye boksi la printa.

Jumamosi amepanga kufika mapema, kabla familia haijaondoka kwenda kanisani. Ataiweka picha uani, kisha ataomba watoto waitwe.

"Picha itakuwa muzuri, nimeiona," anasema. "Ku maneno njo naogopa. Lakini nitasema."