Sanduku Chini ya Meza ya Maabara

Niseme tangu mwanzo: mimi ndiye niliyechelewa. Watu hupenda kunituliza, eti ni vurugu za wakati ule. Hapana bwana. Vurugu zilimfukuza yeye. Kuchelewa, nilichelewa mwenyewe.

Tulikuwa wanafunzi wa biokemia Lubumbashi, mimi na mchumba wangu, tukiandika kazi moja ya kumaliza masomo. Alizaliwa Bel-Air, mtaa wa hapa hapa mjini, lakini wazazi wake walitoka Kasai, na wakati ule watu wa Kasai waliambiwa hapa si kwao. Familia yake ilikuwa wiki ya tatu inalala gare, pale stesheni, ikingojea treni. Aliniomba twende wote. Nikamwambia nitamjibu.

Kazi yetu ilihusu kimeng'enya kinachokata mafuta. Ngozi ya seli imejengwa kwa mafuta. Kimeng'enya kikiyakata, kipande kimoja kinaingia ndani na kupeleka habari, na seli nzima inabadilika. Tulitaka kuliona jambo hilo kwenye chembe zinazogandisha damu, maana zikipata habari zinashikana. Umeme chuoni ulikuwa hadithi tu, basi kichupa chetu cha mwisho cha kimeng'enya tulikihifadhi kwenye barafu ya mama mmoja anayeuza samaki wa Kasenga. Asubuhi moja akatuita: barafu imeisha. Kikishapata joto, ni leo au basi.

Mchumba wangu akakunja mkono wa shati, nikamtoa damu. Nayo damu haingojei kesho. Roho ikanisuta, nikamwambia tuache, twende gare. Akacheka.

"Aka, mama! Treni ya huku inajua saa? Miye niko nangojea wiki tatu. Maliza kazi yetu, utanikuta pale pale."

Nikaamini, naye akaenda zake gare. Nani Lubumbashi asingeamini? Kila siku treni ilitangazwa, na kila siku watu waliendelea kupika bukari yao, ugali wa huku, kando ya reli.

Chini ya meza ya maabara kulikuwa na sanduku langu. Nilikuwa nimeshaamua kwenda. Sikumwambia, mjinga mimi! Nilitaka nimtokee ghafla, sanduku mkono huu, matokeo mkono ule.

Nikaizungusha damu yake kwa mashine ya mkono, nikatenga maji ya juu yenye ukungu wa zile chembe, nikadondosha kimeng'enya. Ule ukungu ndani ya kichupa ukaanza kufanya chengachenga, kisha maji yakawa safi. Zimeshikana! Nikapiga kelele peke yangu. Halafu, badala ya kukimbia, nikarudia mara mbili zaidi, kama tulivyofundishwa, mtu asije akasema ni bahati.

Gare nilikuta majivu na masufuria yaliyosahaulika. Mama mmoja muuza maji akaniambia, "Imeenda, mwanangu. Leo imeenda kweli. Hata siye tumeshangaa."

Nikakaa juu ya sanduku nikalia, hata yule mama akaacha biashara yake akakaa nami.

Miezi ikapita, dada yake akaniandikia. Mchumba wangu alikufa njiani, kwa kuhara, kwenye kituo ambapo treni ilisimama siku nyingi. Siku mbili za kwanza za safari aliwakatalia watu nafasi iliyokuwa ubavuni mwake, akisema kuna mtu anakuja, atatufuata mbele. Siku ya tatu akampa mama mwenye mtoto mchanga.

"Ndipo alipotuambia umekataa," dada yake aliandika, "na akatuomba tusikuchukie."

Sikukataa. Sanduku lilikuwa chini ya meza.