Kaseti Iliyokwama kwenye Gari la Kaka

Mtaani walimwita Fundi Besi, maana hakuwa akikabidhi gari mpaka mabati ya gereji ya jirani yatetemeke. Kibanda chake kilijaa spika kuukuu, nyingine zimepasuka, nyingine zinaning'inia kwa nyaya zake. Alifunga na kutengeneza redio za magari tangu ujanani, na jina alilipata zama za kaseti. Dereva alikuja akilalamika kwamba mwimbaji wake anaimba kama kalewa. Besi alicheka, kisha akachomeka kwanza kaseti yake mwenyewe, apate kujua mgonjwa ni kaseti au ni redio. Mara nyingi dawa ilikuwa pamba na spiriti kidogo ya kusafishia kichwa kinachosoma utepe, au kubadilisha mkanda wa mpira uliolegea. Baadaye zikaja redio za flashi. Kazi ikawa kuchomoa ya zamani na kufunga mpya, naye akauzoea wepesi huo.

Kaka yake hakuuzoea. Huyu alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga kokoto, mtu mpole mwenye mabega mapana na gari dogo la zamani ambalo watoto wake mwenyewe walilionea haya. Garini alikuwa na kaseti moja ya thamani. Zamani, mama yao angali hai, kaka alibonyeza kitufe cha kurekodi kwa siri wakati mama anashona kwenye cherehani. Mama alikuwa akijisemea, akiimba vipande vipande, akimfokea Besi, wakati huo bado mtoto, aache kuchezea sindano. Basi. Hapakuwa na sauti nyingine ya mama popote duniani.

Siku moja redio ikaimeza kaseti hiyo. Ikakwaruza, ikanyamaza, na kitufe cha kuitolea kikawa kinabonyea bure. Kaka hakuivuta, maana Besi alimwonya tangu zamani kwamba anayevuta kwa nguvu hukata utepe. Akaliendesha gari mpaka kibandani.

Besi alikuwa na foleni. Alisema kuitoa ni kufungua dashibodi nzima, aje wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja na kazi zake, na iliyofuata vilevile, mpaka mwaka ukakatika, na mwingine nao ukakatika. Kila alipoliona gari lile likipaki nje alijua limeletwa na nini, akaudhika kidogo, kama mtu anayekumbushwa nguo chafu. Mwishowe alimshauri kaka ampelekee fundi mwingine.

"Mtu baki ataukata utepe," kaka alijibu. "Yule ni mama yako pia, mdogo wangu. Nitakusubiri."

Hakusema kwa ukali. Pengine ndiyo maana Besi aliona kaka ni mtu wa kusubirishwa.

Dalili zilikuwepo. Kaka alianza kumtegea mtu sikio moja. Shemeji alinung'unika kwamba mumewe kaota kiburi, anaitwa haitiki. Kwenye harusi ya binti yake, kaka alikaa akikodolea macho midomo ya watu, akacheka wenzake walipokwisha kucheka. Besi, ambaye ugali wake ulitokana na masikio ya watu, aliyaona yote hayo akasema moyoni kwamba kaka anazeeka. Haikumjia kwamba kelele za mashine ya kokoto zilikuwa zikimla masikio kidogo kidogo.

Shemeji ndiye aliyeleta habari. Alisimama mlangoni mwa kibanda akaeleza kwamba wametoka kwa daktari, kwamba kaka hasikii tena isipokuwa mngurumo, na vifaa vya masikioni havitamfaa. Hakulaumu mtu. Aliaga, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi Besi hakufungua kibanda. Alichukua bisibisi zake akaenda kwa kaka, akafungua dashibodi pale uani, akaitoa redio na kufunua kifuniko chake. Utepe ulikuwa umejiviringisha kwenye kigurudumu cha mpira. Akaunasua taratibu kwa kibanio, akaurudisha ndani ya kaseti kwa kuzungusha penseli. Akabadilisha mkanda uliolegea, akasafisha kichwa. Kazi aliyoikimbia miaka yote ile ilikwisha kabla shemeji hajaepua chakula cha mchana.

Wakaketi garini, kaka kwenye usukani. Mama akaanza kuimba, cherehani ikimfuata kwa nyuma. Besi alijishika goti. Kaka alitazama taa ndogo ya redio, kisha akaweka kiganja kwenye spika ya mlangoni.

"Ameshaanza kukugombeza?" aliuliza, kwa sauti kubwa kuliko alivyojua.

Besi akamgeukia ili midomo ionekane, akayarudia maneno ya mama moja moja: weka chini sindano hiyo, utajichoma, mtoto gani wewe husikii. Neno la mwisho alilitamka kwa midomo tu, bila sauti. Kaka alilisoma hivyohivyo, akacheka, akampigapiga begani.

Besi akainamisha uso. "Nisamehe, kaka," alisema, lakini kaka alikuwa akitazama redio. Besi hakulirudia neno hilo.

Tangu hapo Besi huenda kwa kaka mara kwa mara, wakakaa garini, naye humsemea kaka maneno ya mama. Juzi kaka alimuuliza kama sauti ile ilikuwa nyembamba au nzito kidogo, maana imeanza kumpotea. Kaseti ilikuwa ikicheza, Besi anaisikia vizuri kabisa. Akafungua mdomo, akatafuta namna ya kueleza, kaka akimtazama midomo na kungoja.